Zumari ni ya Yule Inayemkaa

Lisfearna, Kaunti ya Clare
13 Februari 1983

Kaka Colman,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Mama, hata Padri kwenye kitubio, kwa kuwa sijui kama ni dhambi. Kila siku nikitoka shule, Mama akiwa bado anakamua, nafunga mlango wa chumba na kupiga zumari ya Baba. Wewe unajua zumari haipo, iko kwa baba mkubwa. Nafunga mkanda kiunoni, naweka mto chini ya kiwiko cha kulia uwe mvukuto, begi la shule chini ya kwapa la kushoto liwe mfuko, na vidole navipanga kwenye mti wa ufagio wa zamani niliouchora matundu kwa kalamu. Mkono wa kulia unasukuma upepo, wa kushoto unabana, vidole vinacheza, mdomo hauna kazi. Sauti haitoki. Lakini nikikosea najua, na nikijua naanza upya. Nimefanya hivyo tangu wiki tuliyomzika Baba.

Nakueleza leo kwa sababu jana alikuja baba mkubwa Malachy. Alikaa kwenye kiti cha Baba, akala nusu ya mkate wa magadi, kisha akasema amejiandikisha mashindano ya zumari ya mwezi Juni katika ukumbi wa parokia. Tatizo ni mfuko. Anadai unamrukaruka kwapani kama paka aliyekamatwa, maana Baba alikuwa mtu mfupi na yeye ni mtu kamili. Anataka Bi Hession wa Ballinasloe, aliyeushona, aushone upya kwa mwili wake, na mvukuto pia. Akaniambia nimwandikie mimi. "Una mwandiko mzuri," akasema, "na huna shughuli."

Siku ya mkesha wa Baba ulikuwa nje unabeba viti, kwa hiyo hukuona. Sanduku la zumari lilikuwa mezani karibu na mishumaa. Baba mkubwa alinishika kifundo cha mkono, akauinua mkono wangu juu watu wote wauone, kama mtu anayeuza kitu mnadani. Akasema, "Tazameni bawa la kuku. Zumari ni ya yule inayemkaa, na hii haitamkaa huyu hata akila viazi vya kaunti nzima." Walicheka. Bibi Delia Tubridy, aliyetoka kuuosha mwili wa Baba muda si mrefu, ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Padri naye alitabasamu kwenye kikombe chake. Baba mkubwa akafunga sanduku, akaondoka nalo chini ya kwapa.

Na alijua, Colman. Pasaka ile Baba aliponiahidi kwamba nikimaliza kidato cha tatu tutakwenda Ballinasloe nipimwe, mfuko ukatwe kwa mwili wangu ili asinijazie tena blanketi kwapani, Malachy alikuwa ameketi palepale anamenya yai.

Sitaki afe, wala augue. Nataka watu wamtazame yeye kama walivyoutazama mkono wangu. Nimesoma vitabu vingi na hakuna hata kimoja kinachonionyesha njia.

Mdogo wako,
Líadan


Coventry
22 Februari 1983

Bi Msomi,

Barua yako niliisoma juu ya jengo, miguu inaning'inia. Fundi mmoja wa Mayo akaniuliza kama nimefiwa tena. Nikamwambia hapana, ni mdogo wangu, anapiga ufagio. Hakucheka. Akasema kwao kulikuwa na mtu aliyefanya hivyo kwa koleo, na baadaye akawa mpigaji.

Sasa nisikilize. Naweza kuja na meli wakati wa Pasaka nimvunje Malachy kidole kimoja, viwili. Wewe chagua vidole. Lakini kisasi cha ngumi kinaisha Jumatatu, na Jumanne yeye ndiye atakayekuwa anahurumiwa na watu. Mama ndiye atakayempelekea supu.

Wewe mwandikie huyo mama barua kama ulivyoagizwa. Andika vizuri. Watu kama Malachy hawamtazami anayewaandikia. Hilo ndilo ninalolijua kuhusu wakubwa, na nimelijifunza hapa kwa kubeba matofali yao.

Sikujua kuhusu mkono. Ningekuwa ndani siku ile.

Colman


Lisfearna
27 Februari 1983

Kwa Bi Attracta Hession,

Ninaandika kwa niaba ya baba yangu mkubwa, Bwana Malachy Considine. Anayo zumari ya marehemu baba yangu, Fergal Considine, ambayo mfuko na mvukuto wake ulivishona wewe. Anaomba vyote viwili vishonwe upya kwa kipimo cha mwili wake, viwe tayari kabla ya mashindano ya tarehe 5 Juni. Tafadhali tueleze unachohitaji kujua. Yeye ana kazi nyingi shambani, kwa hiyo majibu uyaelekeze kwangu.

Wako mwaminifu,
Líadan Considine


Ballinasloe, Kaunti ya Galway
7 Machi 1983

Líadan mpendwa,

Pole kwa baba yako. Fergal alikuwa na kiwiko kitulivu kuliko viwiko vyote nilivyopata kuvifungia mkanda. Habari za kifo chake nilizipata kwa kuchelewa, na hakuna aliyenieleza kama aliacha mtoto anayepiga.

Kuhusu kazi. Watu wengi huniletea urefu wa mtu kana kwamba nashona koti. Urefu haunisaidii. Mpime hivi:

Akae kwenye kiti anachopigia, si kingine, na awe ameshakula. Mtu mwenye njaa ni mwembamba kwa kidole kizima. Avae sweta atakalopigia. Pima kutoka kwapani hadi mfupa wa kiwiko, mkono wa kushoto, maana huo ndio unaobana mfuko. Kiwiko kikiupita mfuko, atakuwa anabana mbavu zake mwenyewe. Pima mkono wa kulia vivyo hivyo kwa ajili ya mvukuto. Pima kiuno juu ya sweta. Pima toka nyonga hadi goti, maana bomba la matundu hukaa gotini na shingo ya mfuko lazima ilifikie bila yeye kuinama kama anayetafuta shilingi iliyoanguka. Mwisho, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole kidogo.

Kisha mfanye acheke, upime kifua akicheka. Usiliache hilo. Mtu akipiga vizuri mwili wake hupanuka bila yeye kujua, na mkanda usiompa nafasi ya kucheka utamkaba katikati ya wimbo. Baba yako alicheka mara tatu nikapima zote.

Nitumieni zumari yenyewe kwa basi. Nitaweka muhuri wangu kwenye ngozi kama kawaida, A.H., ili ikileta shida mjue pa kuja kulalamika.

Attracta Hession


Lisfearna
21 Machi 1983

Kaka Colman,

Nimempima. Ilikuwa Jumapili baada ya nyama ya nguruwe na kabichi, Mama akiosha vyombo. Alikaa na mikono ameitandaza kama kinyago cha kutishia kunguru, huku akinieleza jinsi waamuzi watakavyomtazama. Kiunoni utepe wa Mama haukutosha, nikaunganisha na uzi. Akasema hiyo ndiyo dalili ya mwanamume. Nilipomwambia Bi Hession anataka kipimo cha kifua akicheka, alinitazama kama nimemtukana. Hawezi kucheka akiagizwa, akasema, yeye si mbwa wa sarakasi.

Nikangoja. Nilijua atacheka tu kwa mzaha wake mwenyewe. Haukupita muda akanishika mkono tena, uleule, akaupima kwa utepe, akamwita Mama. "Njoo uone," akasema, "huyu akifungwa mkanda wa mvukuto, mvukuto ndio utakaompiga yeye." Akacheka hadi meza ikatikisika. Nikampima kifua. Ni kikubwa sana.

Niliandika namba zake zote, kwa mwandiko mzuri. Kisha nilikwenda nazo shuleni, nikaketi nyuma ya rafu ya kamusi ambapo hafiki mtu ila Sista Benignus na huwa amesinzia, nikaichana karatasi.

Nikachukua utepe nikajipima mwenyewe. Nilikuwa nimekula, nilikuwa na sweta. Kwapani hadi kiwiko. Kiuno. Nyonga hadi goti. Ni vigumu kujipima mkono kwa mkono uleule, ilibidi nishike utepe kwa meno. Ilipofika kucheka, sikuweza. Nilikumbuka vichekesho vyote unavyovijua wewe na sikucheka. Kisha nikamwona baba mkubwa jukwaani, mbele ya watu, kafungwa mvukuto wangu mdogo tumboni, kwapani kabana kitu kama kifaranga. Nikacheka, Colman, hadi Sista akaamka. Nikapima papo hapo.

Barua nitaitia posta kesho. Kwenye basi nimeshalipeleka sanduku la zumari, alilotuletea baba mkubwa Jumapili. Nilipolibeba lilinuka Baba.

Líadan


Lisfearna
22 Machi 1983

Bi Hession mpendwa,

Hivi hapa, kwenye karatasi ya pili, ni vipimo vya Bwana Malachy Considine, vimechukuliwa akiwa kitini, amekula, amevaa sweta. Alicheka. Asante kwa maneno yako kuhusu Baba. Mtoto anayepiga yupo, lakini kwa sasa hana zumari.

Líadan Considine


Ballinasloe
5 Aprili 1983

Líadan mpendwa,

Nimevisoma vipimo mara ya kwanza nikidhani nimekosea miwani. Nikavisoma tena.

Naujua mkono wa Malachy Considine. Niliwahi kuupima kwa utepe wa marehemu mama yangu, wakati mkono huo ulikuwa wa kijana na mimi nilikuwa na nywele hadi kiunoni. Alikuja kuagiza zumari, akarudi mara nyingi kuliko zumari inavyohitaji. Tulipangiwa tarehe kanisani. Wiki ile akatuma ujumbe kupitia mchuuzi wa mayai kwamba amefikiri upya, mwanamke anayenuka ngozi na nta hamfai mtu mwenye mashamba. Zumari ile hakuja kuichukua. Nimeitundika karakanani hadi leo.

Mkono ule ulikuwa mrefu. Huu ulionitumia ni mfupi, mfupi hata kuliko wa Fergal. Labda uzee huwapunguza watu. Mimi ni fundi, si daktari. Ukisema ni vipimo vya Malachy Considine, nitaandika Malachy Considine kwenye daftari langu, nami nitakata kama nilivyoandikiwa, wala sitakata pungufu wala zaidi hata kwa upana wa uzi.

Nina swali moja tu, na unijibu kweli, maana kisu hakirudi nyuma. Mchezaji huyu bado anakua? Mtu wa miaka hamsini na mbili hakui, simwachii ukingo. Lakini kwa anayekua, huwa naacha ngozi ya ziada ndani ya mshono, ili baada ya mwaka au miwili mfuko ufunguliwe na kupanuliwa.

Attracta Hession


Lisfearna
9 Aprili 1983

Bi Hession mpendwa,

Mchezaji bado anakua. Tafadhali acha ukingo.

Na ikiwezekana, sanduku lisifike kabla ya wiki ya mashindano.

Líadan


Coventry
8 Mei 1983

Mdogo wangu,

Barua yako, pamoja na ile ya Bi Hession ya kupima uliyoiambatisha, imenichekesha hadi yule fundi wa Mayo akadai nimsomee. Nikamsomea. Akacheka naye, halafu akauliza swali ambalo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. "Na yule mama?" akasema. "Muhuri si wake?"

Líadan, Malachy akiaibika hatasema kwamba yeye ni mkubwa mno kwa kitu hiki. Hajawahi kuwa na kosa tangu azaliwe. Atasema kazi ni mbovu. Ukumbi mzima utakuwa na wapigaji, na kila mpigaji ana mfuko utakaohitaji kushonwa siku moja. Mama mmoja, karakana moja, muhuri mmoja. Umemfikiria?

Sisemi uache. Mimi ndiye niliyetaka kuvunja vidole. Nasema tu fikiria.

Colman


Lisfearna
15 Mei 1983

Colman,

Sijamfikiria na sitaki. Amekubali mwenyewe. Hukuisoma barua yake kuhusu mchuuzi wa mayai, ungeisoma ungenyamaza. Amengoja kuliko mimi.

Jana baba mkubwa alipita dukani kwa Tubridy akasema mbele ya watu kwamba zumari ya ndugu yake hatimaye itasikika inavyopaswa kusikika. Nilikuwa nyuma yake nimeshika mayai. Usiniambie nifikirie.

Líadan


Ballinasloe
30 Mei 1983

Líadan mpendwa,

Sanduku limeondoka na basi la asubuhi. Nimejaribu kila kitu kwa upepo, hakuvuji hata panapotosha kupita pumzi ya kuku. Mkanda wa mvukuto ufungwe tundu la tatu. Ukikazwa zaidi ya hapo hautakubali kicheko.

Mimi sitakuja tarehe 5. Nimezeeka kwa mambo ya ukumbini. Utanisimulia.

A.H.


Lisfearna
6 Juni 1983

Bi Hession mpendwa,

Asubuhi hii baba mkubwa alimwagiza Mama aniambie niandike barua ya malalamiko, moja kwako na nyingine kwa chama cha wapigaji. Nimekataa. Ni mara yangu ya kwanza kumkatalia. Badala yake nakuandikia hii, uyajue yaliyotokea kabla hujayasikia kwa mtu mwingine.

Sanduku lilifika Jumatano. Alijaribu hapa jikoni. Mkanda haukumzunguka, ukabaki wazi mgongoni, akaufunga kwa kamba ya kufungia nyasi. Mfuko ulipotea kwapani. Nilidhani ataelewa papo hapo, nikawa naosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Lakini alisema ngozi mpya ni kama kiatu kipya, wapigaji wote wanajua hivyo, lazima uitese mpaka ijinyooshe, na itajinyoosha ikipata joto la ukumbi. Mama alinitazama.

Jumapili ukumbi ulijaa. Alipanda wa tatu. Alikaa, akafunga kamba yake, akasukuma. Zumari ililia mara moja kama ndama aliyekanyagwa, ikanyamaza. Akaanza tena. Kiwiko kilikuwa kinafika mbavuni kabla mfuko haujabanwa, kama ulivyosema, na mvukuto ulikuwa unachungulia tumboni mwake kila anapovuta. Mabomba ya mvumo, ambayo hupaswa kulia mfululizo chini ya wimbo, yakawa yanakuja na kuondoka. Kisha kamba ikakatika, mvukuto ukaning'inia. Mtoto mmoja mbele akacheka, na watu wazima wakafuata, wakijificha nyuma ya programu zao.

Nilikuwa nimengoja jambo hilo tangu mishumaa ya Baba, na lilikuwa tamu. Nakuambia kweli. Nililiacha lidumu.

Halafu akasimama. Aliuinua mfuko, upande wenye muhuri wako ukielekea kwa watu, akasema kwa sauti ya mnadani, "Tazameni kazi ya Attracta Hession. Amengoja miaka yote hii kunilipa kwa sababu sikumwoa. Atakayempelekea ngozi yake tena na ajilaumu mwenyewe."

Hakuna aliyecheka hapo. Mwamuzi mmoja aliugeuza mfuko wa zumari yake mwenyewe, akautazama muhuri. Mwanamume aliyekaa mbele yangu, simjui, alimnong'oneza mkewe kwamba alikuwa ampelekee huyo mama mvukuto wa babu yake mwezi ujao, lakini sasa basi. Kaka yangu alikuwa ameniandikia kwamba hivi ndivyo itakavyokuwa. Nilimjibu vibaya.

Sijui nilivyofika jukwaani. Naogopa hata kusoma kwa sauti darasani. Nilimnyooshea baba mkubwa mikono yote miwili, naye akanipa zumari bila kunitazama, kwa sababu alidhani nimekuja kumfungia vitu vyake sandukuni.

Nikakaa kwenye kiti. Nikajifunga mvukuto. Tundu la tatu. Mfuko ukaingia kwapani ukatulia, bila blanketi, kana kwamba ulikuwa ukinijua. Bomba la matundu likafika gotini na sikuinama. Nilisikia kimya ambacho nilikuwa nikikisikia chumbani kila siku kabla ya kuanza na ufagio. Nikapiga ule wimbo wa polepole ambao Baba alipenda kuupiga akingoja chai. Mwanzoni nilishtuka, maana nilikuwa nimesahau kwamba sauti hutoka. Sehemu ya pili, kwenye noti za juu, nilikosea. Ufagio ulinizoesha kuanza upya, lakini pale sikuanza upya, niliendelea hadi mwisho.

Nilipomaliza nilisema nilichopanda jukwaani kusema. Kwamba vipimo alivyotumiwa Bi Hession vilikuwa vyangu, niliviandika mimi kwa mkono wangu, na kwamba kazi yake haina kosa hata moja kama walivyosikia. Sikusema kuhusu swali lako la ukingo. Hilo ni letu.

Baba mkubwa alikuwa bado amesimama kando yangu. Aliniita mwongo mdogo, kwa sauti ya chini.

Nikamwambia, "Ulisema zumari ni ya yule inayemkaa."

Akafungua mdomo. Kutoka mstari wa mbele Bibi Delia Tubridy, yule aliyemwosha Baba, akasema bila hata kusimama, "Ulisema, Malachy. Nilikuwepo. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe."

Mwamuzi alipiga kengele ya kumwita mchezaji wa nne. Sikuwa nimejiandikisha, kwa hiyo hawakunipa alama. Yule mwanamume wa mvukuto wa babu yake alinizuia mlangoni kuniuliza anwani yako. Nimempa. Wengine wawili wameichukua kwake.

Sina haya kwa Malachy. Kwako ninayo, kwa sababu nilijua muhuri ni wako, na niliacha aushike juu muda wote ule kabla sijasimama. Kama kuna mtu yeyote atakayekukimbia kwa sababu yangu, niambie jina lake, nitamwandikia mimi mwenyewe. Nina mwandiko mzuri.

Nilifanya hivi baadaye. Nilifungua mkanda, nikaiweka zumari sandukuni kipande kwa kipande, kama Baba alivyonifundisha, na nilipokuwa nakunja mfuko niligusa mshono kwa ndani kwa kidole, nikauona ukingo ulioniachia. Nikafunga sanduku. Baba mkubwa alikuwa amenyoosha mkono kulipokea. Nikapita. Nje nililifunga nyuma ya baiskeli ya Mama kwa ile kamba yake ya nyasi iliyobaki. Lilikuwa zito, sikuweza kupanda, nikaisukuma baiskeli hadi nyumbani. Gari lake lilinipita kwenye kona ya kanisa, halikusimama. Nyumbani niliweka sanduku mezani, nikachukua ule mti wenye matundu ya kalamu, nikaupigilia tena kichwa cha ufagio, nikausimamisha nyuma ya mlango wa jikoni.

Leo asubuhi Mama amefagia nao.

Líadan